Pipa Lililopoa

Mama Chekeche hakuwa mtu wa hasira za karibu. Jina lenyewe wateja walimpa kwa ajili ya subira yake: hakumwaga mahindi ya mtu kwenye mashine kabla hajayapitisha kwenye chekeche, akatoa vijiwe na misumari, na safari moja akatoa hata pete ya ndoa ya mwenye gunia, ambaye alikuwa keshamtuhumu mkwewe. Angeweza kumsikiliza mteja mlalamishi mpaka mteja akachoka mwenyewe. Lakini mdogo wake, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuo kwa jinsi alivyojua kukipigia debe kitu, alikuwa na kipaji chake. Alijua hasa pa kumgusa dada yake, na hasira ikapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Asubuhi hiyo alifika bandani kapakata dumu la buluu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Mbona unaniuliza kama askari wa getini?"

"Kwa sababu ukija mikono mitupu umekuja kula. Ukija na mzigo umekuja kunila mimi."

Wanawake waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi wakacheka. Fundi cherehani, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, alicheka kwa sauti kuliko wote. Chapuo naye akacheka. Hakuwa mtu wa kununa. Hilo ndilo lililomfanya awe hatari.

Banda lilikuwa la mabati, sakafu ya saruji, na kila kitu ndani yake kilikuwa cheupe kwa unga, hata utando wa buibui. Upande mmoja ilikaa mashine ya kusaga. Upande wa pili, nyuma ya mkanda mrefu, ilikaa injini ya dizeli ya silinda moja, rangi yake ya kijani imebanduka kama ukuta wa bafu. Marehemu mama yao ndiye aliyeinunua, akasomesha watoto wake wawili kwa unga wa watu, na alipofariki akawaachia wote wawili kwa pamoja. Kufuli moja, funguo mbili. Injini ikifa, hakuna nyingine. Nyumba mbili zingebaki kutazamana.

Watu wa mtaa waliiita injini ile "Mama", kwa sababu ya marehemu, na kwa sababu ilikuwa inanguruma kama yeye.

Mama huyo wa chuma alipozwa kwa maji. Upande wa mlangoni, pale saruji inapoishia na foleni inapopita, lilisimama pipa kubwa la bati lililojaa maji. Mabomba mawili yaliunganisha pipa na injini. La chini lilipeleka maji ya baridi. La juu lilirudisha maji yaliyokwisha kupata moto. Hakukuwa na pampu: maji ya moto hupanda yenyewe, ya baridi hushuka kujaza nafasi, yakazunguka hivyo kutwa nzima. Sharti lilikuwa moja tu, nalo marehemu aliwafundisha wanawe kwa kitendawili wangali wadogo, wamekaa juu ya magunia miguu inaning'inia:

"Ng'ombe wangu wa chuma ana vinywa viwili. Kimoja nikikisahau analala. Cha pili nikikisahau anakufa."

Jibu lilikuwa injini, mafuta na maji. Dizeli ikiisha, injini inalala, unaitilia, inaamka. Maji yakipungua pipani yakashuka chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko unakatika, na hapo hakuna kuamka. Ndiyo maana Mama Chekeche kila asubuhi alifunua pipa akachungulia, akaongeza ndoo moja kufidia yaliyokwenda na mvuke. Alifanya hivyo bila kuwaza, kama mtu anavyofunga kanga.

"Hii," Chapuo alisema, akiweka dumu juu ya mizani, "ni dawa ya mafuta."

"Mafuta yanaumwa?"

"Dada, sikiliza kwanza. Kifuniko kimoja kwenye tangi. Dizeli inaungua yote, haibaki. Ikiungua yote, injini haihangaiki. Isipohangaika, haipandi joto. Unasaga zaidi kwa mafuta yale yale, na Mama anakaa baridi."

"Kwa hiyo mtu akimaliza chakula chote sahanini hatoki jasho?"

"Wewe na mafumbo yako."

"Si fumbo. Moto ni moto, hata ukiwaka vizuri."

Lakini alimruhusu, shingo upande. Alikuwa na sababu zake. Injini ilikuwa imezeeka, asubuhi ilikuwa ngumu kuwaka, na ilikuwa inatoa moshi mweusi mpaka fundi cherehani akasema nguo anazoanika zinarudi zimevaa msiba. Moshi mweusi, Mama Chekeche alijua, ni dizeli iliyopita bila kufanya kazi. Kama dawa ingeweza kupunguza huo tu, angemsamehe Chapuo biashara zake za nyuma, ile sabuni isiyotoa povu na zile mbegu zilizoota majani matupu.

Na moshi ulipungua kweli. Baada ya siku chache injini ilianza kuwaka kwa kuzungushwa mara moja tu, na mlio wake ukawa laini, kama mtu aliyekohoa akatoa kilichomkwama. Mama Chekeche aliona, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha ukweli hata ukiwa wa Chapuo, alisema.

"Moshi umepungua."

"Si nilikwambia? Bado joto."

"Joto liko vile vile. Gusa pipa."

Pale bandani, ugonjwa wa injini ulipimwa kwenye pipa. Foleni ilipita hapo, na kila mwanamke alipopita aliweka kiganja kwenye bati, kwa mazoea tu, kama unavyomgusa mtoto paji la uso. Likiwa la moto sana wanasema, "Leo Mama ana homa," na Mama Chekeche anajua apumzishe kazi kidogo. Kipimo hicho hakikuwa kimewahi kuwaangusha.

Chapuo akagusa pipa. Lilikuwa la moto, sawa na siku zote. Akafikiri. Kichwa cha Chapuo kilipofikiri kilikuwa kinainama upande mmoja, na dada yake aliujua ule mwinamo: ndio ulioleta sabuni na mbegu.

"Dawa inahitaji muda," alisema. "Tufanye jaribio la haki. Kuna mzee mwenye mabasi, yake yanachemka kila yakipanda mlima. Nimemwambia aje aone. Sasa, watu wana midomo. Watasema pipa limepoa kwa sababu tunatia maji ya baridi kwa siri. Kwa hiyo tunalifunga. Maji haya haya, mpaka siku atakayokuja."

"Nisiongeze maji?"

"Limejaa mpaka juu, dada. Si unaona?"

Akaona. Limejaa kweli. Chapuo akafunika pipa kwa turubai la nailoni, akalizungushia waya, akaukaza kwa koleo kama mtu anayefunga jeneza. Mama Chekeche akamwahidi kwamba hatalifungua. Na yeye akiahidi ameahidi.

Kuanzia hapo Chapuo alihamia bandani. Kila mteja aliyefika alipewa hotuba, na kila aliyepewa hotuba alipewa ushahidi. Pipa lilikuwa na koki karibu na kitako, ya kumwagia maji machafu. Chapuo akawa anaifungua, anakinga kikombe cha maji, anammiminia mtu kiganjani.

"Sikia mwenyewe, shangazi. Ni ya kuungua hayo?"

"Yana moto."

"Yana moto, ila si kama zamani."

"Zamani sikuwahi kunawa hapa, mwanangu, mimi nilikuja kusaga."

Kikombe cha huyu, kikombe cha yule, vyote vikiishia kwenye vumbi. Pakatota. Mama Chekeche alimgombeza.

"Umenifanyia matope mlangoni. Watu wanaingia na viatu vichafu karibu na unga."

Alimgombeza kwa matope. Maji hakuyawaza.

Kisha siku moja fundi cherehani alipita, akaweka kiganja chake kwenye bati, akasimama. Akaweka na cha pili.

"Jamani. Leo Mama hana homa kabisa."

Mama Chekeche aliacha chekeche akaja kugusa. Pipa lilikuwa vuguvugu. Alasiri, baada ya kusaga tangu asubuhi, lilikuwa karibu kupoa. Akagusa upande wa pili, pale pale palipomchoma miaka yote. Baridi.

Furaha aliyoipata hakuitegemea. Aliogopa joto la injini ile kuliko alivyokubali mbele za watu. Kila likizidi alimwona marehemu mama yake akimkunjia uso. Na sasa mdogo wake, mwenye sabuni isiyo na povu, kaja na kitu. Jioni alipofunga banda alimwambia, kwa sauti ya chini asije akavimba kichwa:

"Safari hii hukukosea."

Macho ya Chapuo yakalowa kidogo, akajifanya unga umemwingia.

Kesho yake bomba la juu likaanza kukoroma. Kru, kru, kru, kisha kimya, kisha tena kru.

"Hiyo nini?" Mama Chekeche akauliza.

"Inapumua. Dawa imeingia mpaka ndani."

Akamwamini. Hilo ndilo baadaye lilimuuma kuliko yote.

Mwenye mabasi alikuja siku ya tatu ya kukoroma huko. Alikuwa mzee mfupi, suruali imepigwa pasi hadi ina makali, na alisimama mbali kidogo na unga. Chapuo alikuwa amevaa shati la harusi.

"Karibu, mzee wangu, karibu. Dada, usisimamishe hata kidogo. Gunia kwa gunia. Mzee aone inavyofanya kazi nzito."

Mama Chekeche akasaga gunia kwa gunia. Banda likatetemeka, unga ukajaa hewani, na Chapuo akapaaza sauti juu ya mngurumo kama mshereheshaji.

"Injini hii ina umri wangu, mzee. Sasa gusa pipa. Gusa tu, usiogope."

Mzee akatoa leso, akaiweka kwenye bati, akaona haina kazi, akaweka mkono mtupu. Nyusi zikampanda.

"Mbona baridi?"

"Ndiyo swali ninaloulizwa kila siku."

"Na inasaga toka saa ngapi?"

"Toka asubuhi. Uliza wateja."

"Toka asubuhi," fundi cherehani alithibitisha. "Mimi hapa kiuno kimekufa kwa foleni."

Mama Chekeche alikuwa karibu na injini, kitambaa chenye maji mkononi, akifuta unga uliotanda juu yake ili ipendeze mbele ya mgeni. Alifuta tangi. Alifuta mkingo wa mkanda. Akafika kwenye kichwa cha injini, akaweka kitambaa.

Tssss.

Akakitoa. Kitambaa kilikuwa kimekauka pale kilipogusa, na kilikuwa kinanuka kama pasi iliyoachwa juu ya nguo. Puani ikamfikia harufu nyingine ambayo tangu asubuhi aliidhania ya shati jipya la Chapuo: rangi inayoungua. Mlio nao ulikuwa umebadilika. Ulikuwa mzito, unajivuta, kama mtu anayepandisha ngazi na gunia mgongoni.

Alitazama pipa la baridi. Akatazama injini. Bomba la juu likakoroma, kru, kru.

Akachukua koleo ukutani.

"Dada," Chapuo alisema, bado anatabasamu kwa ajili ya mgeni, "acha hiyo. Tulikubaliana."

Mama Chekeche akaingiza koleo kwenye waya. Chapuo akamshika mkono.

"Mbele ya mgeni, dada? Unataka kuniaibisha?"

"Niachie."

"Dakika moja tu, mzee anaondoka sasa hivi."

"Niachie mkono kabla sijakupiga nayo."

Alisema polepole, na Chapuo, ambaye hakuwahi kupigwa na dada yake hata utotoni, akamwachia. Waya ukakatika. Turubai likafunuka. Wote wakachungulia, mwenye mabasi pia, kasahau makali ya suruali yake.

Maji yalikuwa yameshuka. Yamekaa kimya huko chini, yametulia, ya baridi, kama maji ya kisima. Juu yake, mdomo wa bomba la juu ulikuwa unaning'inia hewani, mkavu, unatema mvuke kidogo kidogo kama mzee anayekoroma mdomo wazi. Pipa lilikuwa limepoa kwa sababu joto halikuwa likilifikia tena. Lilikuwa limebaki lote ndani ya injini.

Mama Chekeche alikuwa keshaondoka pipani. Alifunga faneli ya mashine mahindi yasiingie, akaiacha injini ipumue bila mzigo kwa muda mfupi, kisha akaifungia mafuta. Mngurumo ukashuka, ukashuka, ukakata. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya. Chuma kilikuwa kinalia, tik, tik, tik.

Hapo Chapuo alipata akili ya kuhangaika. Alichota ndoo ya maji kwenye simtangi, akaja mbio, akainyanyua juu ya injini.

Maji ya baridi juu ya chuma cha namna ile yangepasua kichwa cha injini kama glasi. Mama Chekeche hakuwa na nafasi ya kumweleza. Alijitupa katikati, na ndoo nzima ikammwagikia yeye, kichwani, kifuani, mpaka kwenye kandambili. Unga uliokuwa mwilini mwake ukageuka uji.

Hakuna aliyecheka. Hata fundi cherehani.

"Kaa pale," akamwambia mdogo wake, akimwonyesha gunia. "Usiguse kitu. Usiseme kitu. Ukinyanyua mguu nitasahau kwamba tumenyonya ziwa moja."

Chapuo akakaa.

Dada yake, maji yakimchuruzika, akainua kikono cha kuipumulisha injini, kinachotoa upepo ndani ili izungushike, akashika hendeli ya kuwashia, akaanza kuizungusha taratibu ili pistoni isije ikaganda ndani wakati chuma kinapoa. Ilikuwa nzito. Ilikuwa inakwama, anaibembeleza, inakubali nusu mzunguko, inakwama tena. Aliizungusha huku anasema, na kila mzunguko ulikuwa na neno lake.

"Ulifunga pipa. Nikakuachia. Ukaniambia nisiongeze maji, nikakuahidi. Kisha wewe mwenyewe ukafungua koki. Kikombe cha shangazi. Kikombe cha jirani. Kikombe cha kila mwenye mkono. Ulikuwa unamnywesha mtaa mzima damu ya mama yako, Chapuo, ili uonekane."

"Sikujua, dada."

"Hukujua. Kitendawili cha vinywa viwili nani alikuwa wa kwanza kukitegua? Mimi? Ulikuwa umeng'oka meno mawili ya mbele, ukaruka juu ya gunia, mama akakubeba mabegani banda zima. Leo unaniambia hukujua."

Chapuo aliinamisha kichwa, safari hii mbele, si upande.

"Bomba lilikoroma nikakuuliza. Ukasema linapumua. Ulikuwa unajua linapumua?"

"Nilidhani."

"Ulidhani. Ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikageuza shingo vizuri upakae."

Hilo la mwisho alijiambia mwenyewe. Alikumbuka kiganja chake juu ya bati la baridi na jinsi alivyofurahi. Akazungusha kwa nguvu zaidi.

Mwenye mabasi alikuwa hajaondoka. Akakohoa.

"Mama, samahani. Naona ni mambo ya kifamilia. Ila mimi nimetoka mbali. Hii dawa ni ya uongo?"

Chapuo akanyanyua uso. Macho yake yalimwomba dada yake kwa namna ambayo mtu mwingine angeilainikia. Neno moja tu lingemwokoa, na neno moja tu lingemzika.

"Dawa si mwongo, mzee," Mama Chekeche alisema, bila kuacha hendeli. "Mwongo ni huyu. Tangu tuitie, moshi umepungua, nimeona. Inawaka upesi. Dizeli labda inakwenda mbali kidogo zaidi, hilo sijalipima, siwezi kukuapia. Mafuta yakiungua safi, kazi inapata zaidi na moshi unapata kidogo, naliamini hilo. Lakini joto haikuligusa. Pipa likiwa limejaa lilikuwa la moto vile vile, na dawa imo. Moto wa injini hubebwa na maji. Mabasi yako yakichemka mlimani, kaangalie maji, kaangalie rejeta, kaangalie feni. Ukinunua dumu hili kwa ajili ya moshi, mimi sikukatazi. Ukinunua kwa ajili ya joto, utaunguza mabasi huku unashangilia."

Mzee akatikisa kichwa, akatoa leso, akafuta mkono ule aliogusia pipa kana kwamba umemdanganya.

"Rejeta," akasema. "Dereva wangu mmoja aliniambia rejeta, nikamtukana." Akaaga, akaondoka, suruali nyeupe mpaka magotini.

Chapuo alisubiri mpaka hatua zake zikapotea.

"Umeniua, dada."

"Mimi?"

"Yule alikuwa anachukua mzigo wote. Ungesema tu kwamba ni ajali ya maji. Ingekuwa kweli. Ilikuwa lazima umwambie mimi mwongo, mbele ya watu, mbele ya foleni nzima? Wewe kila kitu changu lazima ukichekeche. Tangu tukiwa wadogo. Nikileta kitu, unatafuta kijiwe."

"Na nimekipata."

"Ungefurahi ukikosa?"

Hilo lilimgusa Mama Chekeche, maana alikumbuka kwamba alifurahi. Alifurahi sana. Lakini hendeli ilikuwa mkononi na ilikuwa ingali nzito, na hasira ikarudi mahali pake.

"Nilikosa," akasema. "Majuzi. Nikakwambia hukukosea. Ukalengwa na machozi, nami nikalala vizuri. Unajua ni usingizi gani ulioniibia?"

Chapuo akafuta unga kwenye shati lake la harusi.

Foleni haikuondoka. Wanawake walikaa juu ya ndoo zao, wakanong'ona, wakasubiri kama watu wanaosubiri nje ya wodi. Chuma kikaacha kulia. Hendeli ikaanza kulainika, nusu mzunguko, mzunguko mzima, kisha ikazunguka bila kukwama. Mama Chekeche akatia kiganja kwenye kichwa cha injini: moto, lakini wa kuvumilika. Ndipo akaongeza maji pipani, ndoo kwa ndoo, taratibu, fundi cherehani akimsaidia kubeba, mpaka mdomo wa bomba la juu ukafunikwa na ukazama kina cha kiganja kimoja. Alimruhusu fundi cherehani. Chapuo alipotaka kunyanyuka alimtazama tu, akakaa.

Akafungua mafuta. Akazungusha. Injini ikakohoa, ikakata. Akazungusha tena. Ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu ambao haukuwapo jana, ikashika. Iliguna kidogo upande mmoja, kama mtu aliyeteguka nyonga. Ingeguna hivyo maisha yake yote. Lakini ilikuwa inazunguka.

Wanawake wakashusha pumzi kwa pamoja. Mmoja akaanza kupanga ndoo.

Mama Chekeche akasimama mbele ya mdogo wake. Nguo zimeanza kukauka, unga umemgandia usoni kama lipu.

"Kitendawili," akasema.

Chapuo akamtazama. Hawajategeana tangu msiba wa mama.

"Kitendawili, Chapuo."

"Tega," akasema kwa sauti ndogo.

"Mgonjwa yumo ndani anaungua na homa. Watu wamepanga foleni nje, wanampapasa jirani paji la uso, wanashangilia amepoa."

Fundi cherehani alifungua mdomo, akaufunga. Haikuwa yake kutegua. Chapuo alitazama injini, akatazama pipa, akatazama koki yake karibu na kitako na vumbi lililotota chini yake. Jibu lilikuwa mdomoni, kila mtu aliliona. Kulitamka ndiko kulikomshinda.

"Nimeshindwa," akasema. "Nakupa mji."

"Mji baki nao. Nipe ufunguo."

Chapuo akauziba mfuko wa shati kwa kiganja.

"Nusu ni yangu, dada. Mama alituachia wote."

"Nusu yako ipo palepale. Kinachopatikana hapa tutagawana kama alivyotaka, na siku nikikudhulumu njoo na wazee. Lakini mlango huu nitakufungulia mimi. Utabisha hodi kama mteja."

"Mpaka lini?"

"Hasira zangu zikiisha. Sijui zitaisha lini. Leo usiniulize."

Alisubiri huku kanyoosha mkono. Chapuo alijipapasa mfukoni mwa shati la harusi, akatoa ufunguo, akauzungusha kidoleni kama mtu anayetafuta upande wake mzuri. Hakuuweka mkononi mwa dada yake. Aliuweka juu ya ukingo wa pipa, akainama kuchukua dumu lake la buluu.

"Hilo liache," Mama Chekeche alisema.

"Si umesema mimi mwongo?"

"Wewe. Dumu halijasema kitu. Nitalipima mwenyewe: mahindi yale yale, dizeli ile ile, siku na dawa na siku bila dawa, pipa wazi na limejaa. Likinisaidia nitakutumia habari."

Chapuo alilirudisha dumu chini. Akatoka. Alipopita kwenye yale matope aliyoyafanya mwenyewe aliteleza kidogo, akajishika, hakugeuka nyuma.

"Nani anafuata?" Mama Chekeche akauliza.

Ndoo zikasogea. Akafungua faneli, akayapitisha mahindi kwenye chekeche, akatoa kijiwe, akakitupa nje kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Ndoo kadhaa zikishasagwa, akaenda pipani kuchukua ufunguo. Alipoweka kiganja chake kwenye bati ili aunyooshee mkono, akakiondoa haraka. Lilikuwa linachoma.